Gudroni mpya juu ya gudroni ya zamani: manjanja ya depo inavuja tena

Mavuno ya saizoni B iko depo, na mvua ya mwezi wa tisa haiko mbali. Ni katika kiangazi hiki ndipo koperative nyingi za Kivu zinanunua kopo ya gudroni na kupandisha kijana juu ya manjanja, apake pale palipovuja mwaka jana. Anapaka juu ya ile ya zamani. Mwezi wa kumi, maji inarudi palepale.

Sababu ni nini? Manjanja inapanuka kwa jua la mchana, usiku inajikunja kwa baridi. Gudroni iliyozeeka imekauka, haiwezi kuifuata tena. Inapasuka, inaachana na chuma, maji inapita chini yake. Ile mpya inashika ya zamani vizuri sana, lakini ya zamani haishiki kitu.

Kwanza mutafute tundu lenyewe. Saa sita mchana, fungeni milango na madirisha ya depo, muangalie juu: mwanga utaonekana kama nyota. Pitisheni hapo kijiti cha nyasi ili mwenye kupanda akione. Musiamini alama ya maji ukutani, maana maji inaweza kutembea mbali chini ya manjanja kabla ya kudondoka.

Kisha mujaribu gudroni ya zamani kwa ncha ya kisu. Yenye kuinuka, itoeni yote, kwa kibao kilichochongwa ao kisu butu. Burosi ya chuma ni ya penye kutu tu, kwa sababu inakwangua zinki inayolinda chuma. Yenye kushikamana kweli inaweza kubaki: muitoe vumbi, ikauke, halafu mpya ipite ukingo wake vidole vine kila upande, juu ya chuma safi.

Silikone ni shauri lingine. Ikisha kukauka, hata silikone mpya haiishiki vizuri, na gudroni ndiyo kabisa! Ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Muuzaji atakayewaambia mupake tu juu, kopo ya pili atawauzia yeye.

Na misumari? Mara nyingi ubaya uko hapo. Musumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi chini ya kichwa chake. Uliopigwa bondeni, ambako maji inapita, ungolewe na tundu lizibwe. Mwenye kupanda akanyage kwenye mistari ya misumari, penye mti chini.

Tunasisitiza hivi juu ya gunia moja tu. Mahindi yenye kulowana inaota kuvu, na sumu ya kuvu, aflatoksini, haitoki kwa kupika. Gunia la namna hiyo litengwe, lisichanganywe na ya wanamemba wengine.

Musirudishe magunia chini ya kiraka kipya sasa. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja aingie depo na toshi.