KOMPYUTA YA KUDUMU KWA FEZA KIDOGO



Wote mnaijua ile mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni ya maktaba. Tuliinunua mwaka jana kwa feza ya matofali tuliyofyatua wakati wa likizo. Ilitumika miezi minne tu. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, tukasikia harufu ya kuungua. Tangu siku ile haijawaka tena.

Wengi walisema ni bahati mbaya. Mimi nilikuwa kati ya watatu waliotumwa mjini kuichagua, na ninapashwa kusema kweli: tulichagua vibaya. Tulitazama taa za rangi na ukubwa wa diski. Hakuna aliyeomba kasha lifunguliwe ili tuangalie ndani.

Sasa kisanduku cha wanafunzi kiko tena na dolari 260, na komite itanunua mwisho wa mwezi. Sisi wa kalasi ya mwisho tutafanya mtihani wa Serikali, kisha tutaenda zetu. Mashine itabaki kwenu. Kwa hiyo someni hii kama somo, si kama habari.

1. Kwanza tuulize: ni ya kazi gani?

Mashine yetu ni ya kuandika bulletini, kupiga hesabu za kisanduku, kujifunza enformatiki na kusoma ensiklopedia bila intaneti. Kazi hizi hazitaki karte grafiki ya bei nguvu. Prosesa nyingi ziko na sehemu ya picha ndani yake. Lakini si zote: kwa zile za Intel, herufi F mwishoni mwa namba inaonyesha kwamba sehemu hiyo haiko. Mtu asiyejua anainunua, anafika nyumbani, ekrani inabaki nyeusi.

2. Alimantasio, tumbo la mashine

Alimantasio ni lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa volti 220 na kuutoa kwa volti 12, 5 na 3.3. Kila kitu ndani ya kasha kinakula kupitia kwake. Likiwa baya, halifi peke yake, linaweza kufa na wengine. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: liliungua pamoja na ubao mama.

Namna ya kulichagua:

a) Lipime kwa mkono. Likiwa jepesi kama kopo tupu, uwe na mashaka, sababu vyuma vya kupoza na sehemu za kuchuja umeme viko na uzito.

b) Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Tafuta mstari wa volti 12 na ampere zake, kisha fanya hesabu ya fizika: volti mara ampere ni wati. Volti 12 mara ampere 25 ni wati 300. Nimefungua la mashine yetu na kusoma: juu wameandika wati 600 kwa herufi kubwa, lakini mstari wa volti 12 uko na ampere 18. Ni wati 216 tu! Mashine za siku hizi zinachukua sehemu kubwa ya nguvu kwenye mstari huo, kwa hiyo ile 600 ilikuwa ya kutupendeza macho.

c) Tafuta alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Maana yake, nguvu inayoingia haipotei sana kuwa joto. Ndani ikihitajika wati 100, kwa ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 125 ukutani. Kwa asilimia 65 itavuta karibu 154. Siku tunapotumia gurupu, tofauti hiyo ni mafuta yetu.

d) Mengine yako na swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Kwetu lazima ikae kwenye 230. Ukiiweka 115 na kuchomeka, utasikia mlio, na kazi imekwisha.

Prosesa ya wati 65 pamoja na vitu vingine vya kazi yetu haitapita wati 150. Alimantasio ya kweli ya wati 350 inatosha kabisa. Kati yake na ukuta tuweke stabilisateri, ama onduleri kama feza inaruhusu. Na umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache mpaka utulie.

3. Ubao mama na prosesa

Hapa swali si mbio tu. Swali ni hili: kikiharibika kimoja, tutapata kingine? Tundu la prosesa linaloitwa AM4 lilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2022 bado prosesa mpya zilitolewa kwa ajili yake. Mwenye ubao wa namna hiyo anaweza kubadilisha prosesa bila kutupa vyote.

Tena kuna kipimo kinachoitwa ATX, kilichotoka mwaka 1995, kinachopanga ukubwa wa ubao, matundu ya skrubu na alimantasio. Kwa sababu hiyo kasha letu la zamani, pamoja na taa zake, linaweza kutumika tena. Lakini mashine nyingi za ofisi zinazouzwa za mkono wa pili ziko na alimantasio ya umbo la pekee. Ni imara na bei yake ni nzuri, ila fungua kwanza uangalie. Angalia pia vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao: kama kichwa cha kimoja kimevimba, acha.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 ama ya juu yake, au Ryzen kuanzia zile za 2000. Kama bei haifiki, Linux inatembea vizuri kwenye mashine za nyuma ya hapo.

4. RAM na diski

RAM ya DDR3 haiingii pahali pa DDR4, wala ya DDR4 pahali pa DDR5. Usilazimishe. Giga 8 zinatosha. Kama ubao uko na nafasi mbili, tununue kipande kimoja cha 8 na kuacha nafasi moja kwa wadogo zetu. Kabla ya kununua, tujaribu kile cha mashine iliyokufa, sababu bei ya RAM ilipanda sana mwisho wa mwaka 2025.

Kwa diski, afazali SSD ndogo kuliko diski kubwa ya kuzunguka. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, haiogopi kusukumwa, na inafungua mashine upesi. Lakini hakuna diski ya milele. Kila Ijumaa mtu mmoja anapashwa kuweka kopi pengine.

5. Mgawanyo wa feza

Shauri langu kwa komite: katika kila dolari 10, dolari 2 ziwe za umeme, ni kusema alimantasio na stabilisateri. Kisha ubao mama na prosesa, kisha SSD na RAM. Rangi na taa ziwe za mwisho, zikibakia feza. Hazitabakia, na si neno.

Tuweke pia daftari karibu na mashine. Kila mwisho wa muhula tuandike nani alipuliza vumbi, na lini. Mashine ikianza kusahau tarehe, msikimbie kwa fundi: mara nyingi ni pili ndogo ya CR2032, ya volti 3, ndiyo imekwisha.

Maulizo ya kujaribu

1. Alimantasio iko na ampere 30 kwenye volti 12. Ni wati ngapi?
2. Kwa nini mashine ya mbio inaweza kufa mbele ya mashine ya polepole?
3. Muuzaji anakataa kufungua kasha. Utafanya nini?

Ulizo la tatu nalijibu mwenyewe, maana nililipia jibu lake kwa feza yenu: ondoka, nenda duka lingine.

Doyeni wa wanafunzi, kalasi ya 4 ya imanite