Visiwa vya Komoro: Maswali na Majibu

Swali: Visiwa vya Komoro viko wapi, na ardhi yake ni ya namna gani?

Jibu: Viko upande wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, baina ya bara la Afrika na Bukini (Madagaska), navyo ni vinne: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Vyote vilizaliwa na moto uliopanda kutoka chini ya bahari, na moto huo haujazimika Ngazija, ambako mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ungali hai. Mwaka 1977 mawe yaliyoyeyuka yaliteremka kutoka huko yakakiangamiza kijiji cha Singani.

Swali: Yasemwa kwamba Ngazija ina mvua nyingi na haina mito. Yawezekanaje?

Jibu: Yawezekana, kwa kuwa mawe ya Karthala ni machanga na yana vitundu tele, basi mvua ikinyesha huzama papo hapo, na ndiyo sababu tangu kale watu wa huko hujenga birika majumbani na misikitini ili kukinga maji. Nzuwani, iliyo kongwe zaidi, ilijaliwa mito, na kwa neema hiyo merikebu za Kiingereza zilizokuwa zikienda Bara Hindi katika karne ya 17 na ya 18 zikatia nanga huko kuteka maji na kununua ng'ombe na matunda. Walakini misitu ya milimani imefyekwa kwa ajili ya mashamba na kuni, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima leo hupita maji wakati wa mvua tu.

Swali: Wakaazi wake ni watu gani?

Jibu: Ni kizazi cha Wabantu waliovuka kutoka bara, wakachanganyika na Waarabu, hasa wa Hadhramaut, na Wabukini, lugha zao ni ndugu za Kiswahili, na dini yao ni Uislamu wa madhehebu ya Shafi. Bahari kwao ilikuwa njia, na kwa njia hiyo ilimu ilikwenda na kurudi: Sayyid Ahmad bin Sumeit, mwanachuoni aliyezaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, ndiye aliyekuwa kadhi wa Unguja, na wanafunzi wake wakaenea pwani nzima. Huko Ngazija heshima ya mtu hutimia kwa arusi kubwa ya ada, ambayo huenda akaiwekea akiba kwa miaka mingi, kwani asiyeitimiza hahesabiwi miongoni mwa wakubwa wenye kauli katika baraza la mji.

Swali: Wanaishi kwa riziki gani?

Jibu: Mazao yao ya kuuza ng'ambo ni matatu: karafuu, vanila na mlangilangi. Ua la vanila halina budi kuchavushwa kwa mkono, moja moja, siku ile ile linapofunguka. Na maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri yakapelekwa upesi kukenekwa kwa mvuke, ili mafuta yake yauzwe kwa watengenezaji wa manukato. Kazi hiyo ni ya subira kubwa, na bei huamuliwa mbali na mkulima. Kwa hiyo nyumba nyingi hutegemea fedha za jamaa walioko Ufaransa, hasa mjini Marseille.

Swali: Mbona Maore imetengana na visiwa vingine?

Jibu: Ufaransa iliipata Maore mwaka 1841 kwa mkataba na mtawala wake, Andriantsoly, na visiwa vingine vikaingia chini yake baadaye, Sultani Said Ali wa Ngazija akitia sahihi mkataba wake mwaka 1886. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, na watu wengi wa Maore wakaukataa. Kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, alipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki na kisiwa hicho, ijapokuwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limekihesabu mara kwa mara kuwa ni sehemu ya Komoro. Mwaka 1995 Ufaransa ikawawekea watu wa visiwa vingine sharti la viza ya kuingia Maore, na tangu hapo watu wengi wameghariki katika mashua ndogo baina ya Nzuwani na Maore, safari ya kilomita 70 hivi ambayo babu zao waliikata bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Swali: Je, vile visiwa vitatu vimepatana?

Jibu: Nzuwani ilijitenga mwaka 1997, katiba ya 2001 ikaleta urais wa zamu baina ya visiwa ili kuvipatanisha, lakini ugomvi haukuisha, na mwaka 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, pamoja na askari wa Tanzania, yakairejesha chini ya serikali ya Muungano wa Komoro. Nguvu zilifanya kazi yake, lakini udugu haudumishwi kwa bunduki. Kila kisiwa kina upungufu ambao jirani yake anaweza kuufidia, na hapana hata kimoja kitakachostawi kwa kujifungia. Wenye mamlaka, wa Komoro na wa Ufaransa pia, wawaache ndugu watembeleane kwa salama.