Pete Bwawani: Somo la Maji Baridi kwa Wanaopenda Kuvua

Wanachuo wenzangu, UE zimekwisha, bumu lilikwisha kabla yake, na najua baadhi yenu mmeshaanza kuulizana nani ana ndoano. Julai hapa Ifakara ndiyo wakati wake. Mvua zimekoma, maji ya mafuriko yanarudi mtoni, na bondeni yanabaki mabwawa ambayo wenyeji huyavua kwa mtumbwi, nyavu na mshipi. Asubuhi kuna ukungu, na yule aliyetoka Dar akiamini Ifakara ni joto mwaka mzima anatetemeka kama wengine.

Kabla hamjaenda, naomba dakika chache. Mwaka jana, mwezi kama huu, niliacha pete ya marehemu mama yangu kwenye bwawa mojawapo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba karibu kila kitu ambacho kingeiokoa nilishafundishwa darasani. Fiziolojia nilifaulu. Fizikia ya kidato cha sita nilifaulu. Kwa hiyo hili ni somo la marudio.

1. Samaki wa asubuhi

Samaki hatunzi joto lake kama sisi. Mwili wake hufuata maji. Kanuni tuliyosoma inasema joto likishuka nyuzi 10, kasi ya shughuli za mwili hupungua kwa nusu au zaidi. Usiku mmoja wa Julai hauwezi kushusha bwawa nyuzi 10, lakini nyuzi 4 au 5 tu zinatosha kupunguza kasi hiyo kwa takriban robo. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu na njaa inachelewa.

Wengine husema samaki hali kwa sababu baridi imepunguza hewa majini. Sivyo. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni ya kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Baridi yenyewe haipunguzi hewa majini. Samaki hana haraka tu.

Jambo hili si la Ifakara peke yake. Ziwa Naivasha la Kenya, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lina samaki wa asili ya Marekani, Micropterus salmoides, aliyepandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Wanaomvua kwao Marekani wanajua kwamba maji yakipoa, chambo kinapitishwa polepole karibu na chini. Babu aliyetubeba kwenye mtumbwi wake hana habari za Naivasha, lakini aliponiona navutavuta mshipi wangu alisema, "Mjukuu wangu, mwache alale nacho." Akatushauri tusubiri mpaka saa nne, jua lipashe maji ya kina kifupi kando ya matete. Saa nne na nusu tulianza kupata perege.

2. Kidole cha asubuhi

Mkono ukipoa, mishipa midogo ya damu kwenye vidole husinyaa ili joto libaki kifuani na tumboni. Damu ikipungua, kidole kinakuwa chembamba. Pete iliyokubana mchana wa Machi inacheza asubuhi ya Julai. Maji yanapoza haraka kuliko hewa, maana hupitisha joto kama mara 25 zaidi. Tena neva zikipoa hupeleka taarifa polepole, ndiyo maana simu inaponyoka na unashtuka ikiwa imeshaanguka.

Ongeza utelezi wa kambale. Mimi nilimshika kambale kwa mikono miwili, nikamtia kwenye ndoo, kisha nikainamia pembeni mwa mtumbwi kunawa. Sikusikia chochote. Niliona tu kidole kikiwa na alama nyeupe mahali pa pete.

3. Kwa nini sikuruka

Nilishavua shati. Babu alinilazia pondo kifuani, akaniuliza, "Pete ya nani?"

Nikasema, "Ya mama, babu. Marehemu."

"Basi kaa chini. Mama hakukuzaa uje ufe kwa pete yake."

Nilikasirika, nikakaa. Niliona maji ni mafupi. Babu alichomeka pondo, likazama kunipita kifua. Hapo ndipo fizikia ilinirudia: mwanga unapotoka majini hupinda, na kina huonekana kama robo tatu tu ya kilivyo. Mita mbili zinaonekana mita moja na nusu. Chini yake kulikuwa na tope ambalo pondo liliendelea kuzama bila kugota. Mamba na viboko wa bonde hili mnawajua. Kichocho nacho sisi tunaosoma afya hatuna kisingizio cha kukisahau.

Mto huu umeshachukua vitu vikubwa kuliko pete. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama kikiwa na abiria na magari. Leo tunapita juu ya daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, tunapiga selfi, tunasahau. Mtumbwi wa mti mmoja hauna ukingo wa daraja.

4. Hesabu ya kopo

Kitu huelea kikiwa chepesi kuliko maji yanayojaza nafasi yake. Chukua simu ya sentimita 16 kwa 7.5 kwa 0.8. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 96, kwa hiyo maji yanaisukuma juu kwa kiasi cha gramu 96. Yenyewe ina kama gramu 190. Inakosa gramu 94, inazama.

Sasa chukua kopo la plastiki la lita moja, mdomo mpana, mfuniko wa kusokota, lenye uzito wa gramu 100. Weka simu gramu 190, funguo gramu 60, na kitambulisho. Jumla haifiki gramu 370. Kopo likizama lote lingesukumwa na gramu 1,000. Litaelea zaidi ya nusu yake ikiwa nje ya maji, na simu ni kavu. Pete nayo ingekaa humo humo.

Babu hajapiga hesabu hiyo, lakini nyavu zake zote zina maboya ya chupa tupu. Nilikaa saa tatu nikiyatazama maboya hayo huku pete ikiwa kidoleni.

Angalizo: simu inayosemwa haiingizi maji imepimwa kwa kina na muda maalumu, mara nyingi kama mita moja na nusu kwa nusu saa, kwenye maji safi. Tope la bwawani halikuwemo kwenye kipimo.

5. Kama kimeshazama

Usiruke, wala usimruhusu mwenzako aruke. Papo hapo, kabla mtumbwi haujasogea, tafuta alama mbili zilizonyooka upande mmoja, mfano mti wa karibu na mlima wa mbali. Kisha mbili nyingine upande wa pili. Mistari hiyo inapokutana ndipo kitu kilipo. Piga picha kila upande, kwa simu ambayo imebaki. Maji yakipungua, unarudi.

Nilirudi Oktoba. Bwawa lilikuwa tope na madimbwi, na babu alikuja na jembe bila kuombwa. Alama zilitufikisha mahali palepale. Tulichimba na kuchekecha tope kwa kikapu kutwa nzima. Tulipata ndoano tatu na kijiko. Pete ya fedha, kitu kidogo namna ile, kwenye tope laini hushuka tu.

Jioni nilitaka kumlipa babu. Alikataa, akaniuliza kama mama alijua kuvua. Nikasema hapana, aliogopa maji. Akacheka sana, nami nikacheka.

Maswali ya kujipima

1. Funguo za chuma za gramu 60 zina ujazo wa kama sentimita za ujazo 8. Je, chupa tupu ya nusu lita yenye gramu 20 inaweza kuzielesha? Onesha njia.
2. Unaona kijiti kwenye kina kinachoonekana sentimita 90. Kina halisi ni kipi?
3. Je, leo kuna nini kidoleni mwako ambacho kingebaki nyumbani?

La tatu jibuni kabla ya kupanda mtumbwi. Likizo njema.