SOMO: DAFTARI LA KIKUNDI NI LA WOTE

Ndugu wanavikundi, sisi wa Eldoret tuko mbali na bahari. Hata hivyo, wavuvi wa Watamu kule Kilifi wana jambo la kutufunza.

Kasa ni kobe wa baharini. Akinaswa wavuni bila kukusudiwa, mvuvi anaweza kumchinja kwa siri, na habari zikaishia hapo. Lakini wavuvi wengi wa Watamu huwaita watu wa kikundi cha kuhifadhi kasa, kilichoanzishwa mwaka 1997. Mvuvi hupewa pesa kidogo kwa muda wake. Kasa hupimwa, hutiwa kibati chenye nambari kwenye pezi, yote huandikwa, kisha hurudishwa baharini. Akinaswa tena baada ya miaka, nambari ile yaonyesha amekua kiasi gani. Bila daftari, huyo ni kasa mgeni tu.

Basi nasi tufanye hivyo kwa chemchemi zetu, miti yetu, na ndege kama korongo taji. Andikeni mambo manne: tarehe, mahali, kilichoonekana, na aliyekiona. Mkikisia hesabu, semeni mmekisia.

Tena daftari lisifichwe. Nimeona moja likikaa sandukuni kwa katibu mpaka panya wakalila! Lisomwe kila mkutano. Mtu aliyeleta habari asiporudishiwa jibu, kesho haleti tena.

Maswali ya kujadili:
1. Daftari letu liko wapi leo?
2. Ni nani alilisoma mara ya mwisho?
3. Kikundi jirani kingefaidika na nini kilichoandikwa humo?