Kumsikiliza Mtu Mwenye Taabu

Ninyi mnaojiwa na watu waliolemewa, kazi hii haianzi kwa ulimi, bali kwa sikio. Ni rahisi kulisema neno hili, tena ni vigumu kulitenda. Maana mtu akiisha kutuambia nusu ya habari zake, midomo yatuwasha kumpa shauri.

Na tuutazame mji wa Harare, katika nchi ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare pamoja na mabibi 14. Vyumba vya zahanati vilikuwa vimejaa, basi wakaketi nje, juu ya benchi la mbao. Kazi hiyo yaitwa Benchi la Urafiki.

Bibi huuliza maswali 14 kwa Kishona. Hataji ugonjwa kwa jina la vitabuni. Hutumia neno la watu wenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. (Nasi husema, "Fulani ana mawazo.") Kisha hunyamaza. Akiisha kusikia, huyarudia kwa ufupi maneno ya mgeni wake, apate kujua kama ameyafahamu sawasawa.

Mgeni hutaja taabu zake zote, ndipo achague moja ya kuanzia. Achaguaye ni yeye, si bibi. Huenda bibi akaona ugomvi na mume ndio mkubwa, na mgeni akachagua kodi ya nyumba. Vema, na waanze na kodi. Aliyelemewa amezoea kuona kila jambo limemshinda. Akikata neno moja dogo mwenyewe, na kulitenda kabla hawajaonana tena, nguvu zake huanza kurudi. Shauri letu, hata likiwa jema, halimpi nguvu hizo.

Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliohudumiwa bencheni walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Lakini mtu asemaye ataka kujiua, bibi hambebi peke yake. Humpeleka kwa mkubwa wake wa kazi. Wala tusiogope kumwuliza mtu waziwazi juu ya jambo hilo, kwa kuwa swali halimtii wazo ambalo hakuwa nalo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku ile ile.