Kura Tatu za 1958: Somo kwa Msimu wa Kampeni

Msimu wa kampeni umefika, na geto langu hapa Kijenge limegeuka kijiwe cha siasa. Hoja ninayoisikia zaidi ni fupi: "Mpe huyu, ni wa kwetu." Wasomi wenzangu, kabla ya kupiga kura tuutazame uchaguzi uliofanyika huku kwetu mwaka 1958.

Serikali ya Mwingereza ilipanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti magumu. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Halafu kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Hivyo Wazungu wachache walipata viti sawa na Waafrika mamilioni.

Januari 1958 TANU walikutana Tabora. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha ANC. Hesabu ya Mwalimu ilikuwa rahisi: kama kila mtu anapiga kura tatu, basi hata Mzungu na Mwasia watahitaji kura za Waafrika. Mtego uligeuzwa ukawa ngazi.

Jimbo la Kaskazini TANU iliwaunga mkono Solomon Eliufoo, Derek Bryceson aliyekuwa mkulima, na Sophia Mustafa, mama wa Kiasia aliyeishi Arusha. Wote watatu waliingia barazani.

Hapo ndipo pa kutafakari. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Miaka saba tu baada ya kufukuzwa, mpiga kura wa Kimeru anaombwa amchague Mzungu! Hasira ilikuwepo, na haki ya kuwa nayo ilikuwepo. Ila swali halikuwa "ni rangi gani?" bali "anasimamia nini?"

Na msidhani wapiga kura walikuwa muhuri wa chama. Uchaguzi wa 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na Mwalimu akawa Waziri Kiongozi. Kile kimoja kilichobaki ni cha Mbulu, huku huku Kaskazini: chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, wananchi wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea kivyake.

Sasa tujiulize. Watu waliobaguliwa kisheria waliweza kupima hoja ya mtu asiye wa kabila wala rangi yao. Sisi, tunaolala bweni moja na kudai bumu lile lile, tunashindwaje? Mgombea akigonga mlango wako wiki hii, usimuulize kwao wapi. Muulize bumu likichelewa atafanya nini.