Futa Hifadhi Mbili, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, hebu nionyeshe hiyo orodha tena. Siku nne, gari moja la kukodi, watu watano, na hifadhi zote tano za taifa za jimbo la Utah: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Canyonlands na Arches. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, mmeandika Monument Valley "tukipata muda". Hamtapata muda. Nakwambia sasa hivi ukiwa bado umetulia nyumbani, maana nikisubiri uingie barabarani hutanisikia. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na katika safari za namna hii kukosa huanza mapema, siku ya pili tu, macho ya dereva yakiwa mekundu na ndani ya gari hakuna anayemsemesha mwenzake.

Sikulaumu. Orodha kama hiyo inaletwa na kiu. Umepiga zamu za usiku mwaka mzima, likizo ni hiyo hiyo ya kuomba kwa magoti, na kila ukifungua simu unamwona mtu wa rika lako amesimama chini ya tao la mwamba mwekundu, anacheka. Na wewe unataka ucheke. Nani asiyetaka? Lakini jumlisha nami. Kutoka Salt Lake City hadi Zion ni karibu saa tano. Zion hadi Bryce, saa mbili. Bryce hadi Capitol Reef kwa barabara namba 12, karibu saa tatu kama hamsimami, na hiyo barabara haiwezekani kuipita bila kusimama. Capitol Reef hadi mji wa Moab, saa mbili na nusu. Moab kurudi Salt Lake City, saa nne. Hizo ni saa 16 na ushee za kukaa kitini, na bado hujatembea hata hatua moja hifadhini. Utarudi na picha nyingi na mgongo unauma.

Kwa hiyo futa. Ukipenda makorongo na minara ya mawe, chukua Zion na Bryce, kaa huko. Ukipenda matao, nenda Moab, maana Arches ipo kilomita chache tu kutoka mjini na Canyonlands haiko mbali. Capitol Reef iweke katikati kama una siku ya ziada, na ukiipata nafasi hiyo usiidharau kwa sababu haina jina kubwa. Pale Fruita kuna bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni kuanzia miaka ya 1880: cheri mwanzo wa kiangazi, pichi Agosti, tufaha kuelekea mwisho wa Septemba. Msimu ukifika na bustani ikifunguliwa, unaruhusiwa kuingia na kula bure ukiwa humo humo. Unalipia yale unayoondoka nayo. Watu wanapita pale mbio wakikimbilia Arches, nami nawaonea huruma.

Bryce nayo, wewe uliyekulia Iringa utaielewa haraka kuliko wenzako, kwa sababu umeiona Isimila na nguzo zake za udongo na mawe zilizosimama zenyewe korongoni. Sasa zidisha Isimila mara nyingi uwezavyo, ipake rangi ya chungwa na waridi, uiweke juu mita 2,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Wapaiute, wenyeji wa kale wa nchi ile, wanasimulia kwamba mawe yale yalikuwa watu, wakageuzwa mawe. Wanasayansi wanasema ni maji: yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, mwamba unapasuka kidogo kidogo. Usiku kuganda! Umesikia? Mchana mwingine utavaa fulana, na usiku huo huo utatetemeka. Beba sweta. Usiniambie Utah ni jangwa, najua ni jangwa. Beba sweta.

Sasa tukae kwenye jambo ambalo hukuniuliza, lakini ndilo linalovunja safari nyingi kuliko pancha: pesa, na aibu ya pesa. Katika watu watano ndani ya gari, mmoja ametuma ada ya mdogo wake nyumbani wiki iliyopita. Mmoja ana kazi nzuri na hajui kama wenzake hawana. Mwenye nazo anasema "tulale hoteli hii, si ghali", na yule mwingine anatabasamu, anatoa kadi ya mkopo, moyo unamwenda mbio. Miezi sita baadaye bado analipa riba ya usiku mmoja wa Springdale, mji ulio mlangoni mwa Zion, na urafiki umepoa bila mtu kujua sababu. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Semeni bei mapema, mezani, kabla mtu hajabonyeza chochote. Gari, bima, mafuta, malazi, geti. Na kama anayekodi gari ana umri chini ya miaka 25, kampuni nyingi humwongezea ada ya kila siku, kwa hiyo ulizeni.

Kwenye geti kuna nafuu kama mkijipanga. Kuingia hifadhi hizo moja moja kwa gari, zote tano, kumekuwa kukifika kama dola 150, wakati kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa kwa mkaazi wa Marekani ni dola 80 na hubeba gari zima. Mgeni aliyetoka nje ya nchi ana bei yake, na bei hubadilika, basi tazameni tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka. Chakula nacho, kina tatizo gani mkipika? Chapati za jana zinakaa vizuri, mayai ya kuchemsha, karanga, deli la barafu kwenye buti, chupa ya chai. Tena miji midogo ya kule ni ya waumini, maduka mengi hufungwa Jumapili. Mtakaposhinda mkizunguka mnatafuta mkate ndipo mtanikumbuka. Na wewe uliyebanwa na pesa, kama mwaka huu haiwezekani, sema haiwezekani. Miamba ile ina mamilioni ya miaka, itakusubiri. Ada ya mtoto haisubiri.

Aibu ya pili ni ya woga. Zion kuna mlima mwembamba unaitwa Angels Landing. Sehemu ya mwisho unapanda umeshika minyororo, na pande zote mbili ni chini kabisa. Tangu Aprili 2022 huwezi kupanda bila kibali, na kibali kinapatikana kwa bahati nasibu. Watu wameanguka pale wakafa. Sasa kundi lenu limepata vibali, wote wanashangilia, na wewe tumbo linakukata tangu asubuhi kwa sababu kimo hukiwezi. Unaona haya kusema. Utasema, "Dada, wataniona mshamba." Wakuone. Kaa chini bondeni kando ya Mto Virgin, panda basi la hifadhi, tembea njia za tambarare, subiri wenzako. Anayekusukuma uende mahali ambapo magoti yako yamekataa, hata awe mchumba, mwangalie vizuri huyo mtu. Safari humwonyesha mtu alivyo. Na wewe usiye na woga, usisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kule si guu tu linalovunjika.

Maji yanaua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyakosa. Hifadhi zenyewe husema kila mtu abebe galoni moja kwa siku, ni karibu lita nne, na ninyi mmepanga chupa ndogo ya mtu mmoja mmoja. Joto la kiangazi kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi, unadhani uko salama kumbe kichwa kinaanza kuzunguka. Ya pili ni kujaa ghafla. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za radi hupiga jangwani, na mwamba haunywi maji. Yanateremka yote kwenye korongo, hata kama juu ya kichwa chako mbingu ni ya buluu na mvua imenyesha mbali usikokuona. Septemba 2015 watu saba walikufa katika korongo moja jembamba la Zion, wote siku moja. Kwa hiyo kabla ya kuingia korongo la The Narrows pale Zion au korongo lolote la kupenya kwa bega, pita ofisi ya wageni, muulize askari wa hifadhi hali ikoje. Akisema msiingie, msiingie. Usimjibu kwamba umetoka mbali. Mto haujui umetoka wapi.

Barabarani, wewe uliyejifunza gari Dar es Salaam au Mombasa, kumbuka mkono umebadilika. Mchana kweupe utakumbuka. Ni alfajiri, unatoka kwenye sheli tupu na usingizi bado haujaisha, ndipo mwili hurudi kushoto wenyewe. Abiria wa mbele kazi yake ni kuwa macho, si kulala. Baadhi ya barabara kuu za kule zinaruhusu maili 80 kwa saa, na kuruhusiwa si kulazimishwa. Jua likizama kulungu huvuka. Pombe, Utah ina kikomo cha chini kuliko majimbo mengine, asilimia 0.05 kwenye damu, basi dereva asiguse kabisa. Na polisi akikusimamisha, usishuke kumsalimia kama tunavyofanya kwetu. Kaa garini, mikono juu ya usukani, subiri aje. Vitambulisho viwe karibu.

Kuna kipande cha barabara kuu ya I-70 kati ya Salina na Green River, zaidi ya maili 100, hakuna sheli, hakuna duka, hakuna choo cha kulipia kahawa ndipo uingie. Jazeni tangi Salina hata kama limejaa nusu. Akiba haiozi. Ramani ishusheni kwenye simu mkiwa bado na mtandao.

Na mawe, mawe yaacheni. Najua mkono unawasha ukiona ukuta mwororo, unataka kuandika jina lako na la yule unayempenda. Kwenye kuta hizo hizo kuna michoro ya watu walioishi pale karne nyingi kabla ya walowezi, na jina lako juu yake ni uharibifu na ni kosa la jinai. Mwaka 2013 mwanaume mmoja aliangusha mnara wa jiwe katika bustani ya jimbo ya Goblin Valley huku mwenzake akimrekodi na wakishangilia. Video ikazunguka dunia, wakafikishwa mahakamani. Hata udongo usiuchezee. Ule mweusi wenye mabonge mabonge pembeni ya njia uko hai, una viumbe vidogo vinavyoshikilia mchanga usipeperuke, na unyayo mmoja hudumu miaka mingi. Tembea njiani. Na mkifika Monument Valley safari nyingine, jueni pale ni kwa Wanavajo, wenyeji wa asili, hifadhi ni yao wenyewe tangu 1958, kadi yenu ya hifadhi za taifa haifanyi kazi, pombe ni marufuku katika nchi yao, na mtu hapigwi picha bila kuombwa. Wewe ulipokuwa mtoto ukipigwa picha na watalii, ulipenda?

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Juni 2020, dada yetu Esther Nakajjigo wa Uganda, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikuwa Arches na mumewe. Wakati wanaondoka, upepo ulisukuma geti la chuma ambalo halikufungwa, likatoboa gari lao, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwaka 2023 mahakama iliamuru serikali ya Marekani iilipe familia yake zaidi ya dola milioni kumi. Hakukosea lolote. Sikusimulii ili uogope kusafiri. Nakusimulia kwa sababu mambo mengine hayamo mikononi mwako, na yale yaliyomo yasikuponyoke kwa uvivu.

Liko moja ambalo limo mikononi mwako leo hii. Andika njia mtakayopita, siku kwa siku, namba ya gari, majina ya mnaosafiri pamoja, mahali mtakapolala, umpe mtu mmoja asiyesafiri nanyi. Mwambie na saa ambayo akiwa hajakusikia aanze kupiga simu, na apige kwa nani. Mama nyumbani usimwambie tu "natoka kidogo". Anajua kutofautisha, na saa kumi usiku kwake ataamka kutazama kama umeonekana mtandaoni. Mkishavuka kile kipande cha I-70 na alama za mtandao zikarudi kwenye simu, kabla ya kuagiza chakula, mpigie.